Mali bila daftari: Somo la Mesopotamia kwa Kiswahili

NENO ‘hekalu’ limezoeleka mno kwa msomaji wa Kiswahili hata si wengi wanaojiuliza lilitoka wapi. Mwanafunzi wa isimu atajibu haraka kwamba ni la Kiarabu, ‘haykal’. Jibu hilo ni sahihi, ila ni nusu ya safari. Waarabu walilipokea neno hilo kutoka kwa Waaramu. Waaramu nao walilipata kwa wasemaji wa Kiakadi waliosema ‘ekallu’, yaani kasri la mfalme. Na hao Waakadi walilichukua kwa Wasumeri, waliounganisha ‘e’, nyumba, na ‘gal’, kubwa. Kumbe hekalu ni ‘nyumba kubwa’ ya watu ambao lugha yao iliacha kusemwa majumbani takriban miaka 4,000 iliyopita!

Hekalu halikusafiri peke yake. ‘Maskini’ limetokana na ‘miskin’ ya Kiarabu, na nyuma yake limo neno la Kiakadi ‘mushkenum’, ambalo katika sheria za Mfalme Hammurabi lilimtaja mtu wa tabaka lililo chini ya muungwana. ‘Tanuri’ la mwoka mikate lina nasaba na ‘tinuru’ ya Babeli. Hata ‘kibiriti’ tunachowashia jiko kilianza kama ‘kibritu’, jina la salfa. Dola za watu waliosema maneno haya zilikuwa zimegeuka vifusi karne nyingi kabla ya jiwe la kwanza la mji wa Lamu kuwekwa. Iweje basi sauti zao zitufikie sisi?

Nauliza hivi kwa sababu hapa kwetu tumezoea kudhani kwamba lugha ni kivuli cha mwenye nguvu: akija anakuja nayo, akiondoka anaondoka nayo. Kwa dhana hiyo, lugha isiyo na majeshi wala mabilioni ya fedha haina budi kukubali kuwa ya mapumziko, ya nyimbo na ya mzaha wa kampeni, huku mambo mazito yakiachiwa lugha nyingine. Historia ya Mesopotamia inatufunza vingine. Katika nchi hiyo dola ilifuata dola kwa maelfu ya miaka. Lakini ukichunguza ni lugha ipi ilidumu na ipi ilizama, utakuta mara nyingi aliyekata shauri ni karani, si jemadari.

Mesopotamia ni jina la Kiyunani lenye maana ya nchi iliyo kati ya mito. Mito yenyewe ni Tigris na Euphrates, ambayo Biblia ya Kiswahili inaiita Hidekeli na Frati. Leo sehemu kubwa ya eneo hilo ni Iraki, pamoja na vipande vya Syria na Uturuki. Upande wa kusini mvua ni haba, lakini udongo una rutuba ya ajabu. Ili kulima, watu walilazimika kuchimba mifereji. Mifereji ikahitaji vibarua, vibarua wakahitaji posho, na posho ikahitaji mtu wa kuhesabu: nani amechimba, nani amepokea shayiri, nani bado anadaiwa.

Huko Uruk, yapata mwaka 3200 KK, makarani walianza kuchora alama juu ya vibao vya udongo mbichi. Anayetarajia kukuta mashairi au sala katika vibao hivyo vya mwanzo atavunjika moyo. Vingi ni hesabu tupu: kondoo, shayiri, pombe, vibarua. Maandishi yalizaliwa ghalani; ushairi na dua vilifuata baadaye sana. Wahenga wetu waliosema kuwa mali bila daftari huisha bila habari wangeelewana vizuri na wazee wa Uruk.

Lugha iliyokuja kukaa katika vibao hivyo ni Kisumeri. Wanaisimu hawajakipatia ndugu hata mmoja duniani. Kilijenga maneno kwa kubandika viambishi mbele na nyuma ya mzizi, jambo ambalo mwalimu yeyote wa sarufi ya Kiswahili ataliona si geni. (Kufanana kwa muundo si undugu, tafadhali, tusije kesho tukasikia mtu akidai kwamba Waswahili walihama kutoka Sumeri.)

Takriban mwaka 2334 KK alitokea Sargon wa Akadi, mtu anayehesabiwa kuwa mjenzi wa mojawapo ya dola za kwanza kabisa duniani. Yeye na watu wake walisema Kiakadi, lugha ya Kisemiti, jamaa ya mbali ya Kiarabu na Kiebrania. Aliiteka miji ya Wasumeri mmoja baada ya mwingine. Tungetazamia basi kwamba Kisumeri kingefutwa. Lakini binti yake mwenyewe, Enheduanna, aliyemweka awe kuhani mkuu wa mungu wa mwezi katika mji wa Ur, ndiye anayetajwa kuwa mtunzi wa tenzi za ibada kwa lugha ya Kisumeri. Ni miongoni mwa watunzi wa kwanza duniani tunaowajua kwa majina. Binti wa mshindi alitunga kwa lugha ya walioshindwa, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya hekalu na ya elimu.

Dola ya Akadi ilidumu chini ya karne mbili. Baadaye wafalme wa Ur walisimamisha dola nyingine, wakaandika sheria na hesabu kwa Kisumeri. Sheria za Ur-Nammu ndizo kongwe zaidi tulizonazo duniani. Dola hiyo nayo ikaanguka karibu mwaka 2004 KK ilipovamiwa na Waelamu. Kufikia hapo Kisumeri kilikuwa kinakauka vinywani. Mama hakukisema tena na mtoto wake, wala mchuuzi hakukitumia sokoni.

Sasa tazama maajabu. Lugha hiyo iliyokosa mtoto wa kunyonya nayo iliendelea kufundishwa shuleni. Shule iliitwa ‘eduba’, na maana yake kwa wanafunzi wa zamani ilikuwa nyumba ya vibao. Katika magofu ya mji wa Nippur wachimbuzi wamefukua maelfu ya vibao vya mazoezi, vingine vikiwa na mwandiko wa mwalimu upande mmoja na mwandiko uliopinda wa mwanafunzi upande wa pili. Watoto waliokuwa wakisema Kiakadi nyumbani walikariri orodha za maneno ya Kisumeri: majina ya miti, samaki, vyombo, kazi. Kando ya neno la Kisumeri kukaandikwa tafsiri ya Kiakadi, na hivyo dunia ikapata baadhi ya kamusi zake za kwanza za lugha mbili. Kisumeri kilishikiliwa na makuhani na wasomi hadi karibu na mwisho wa maandishi ya kikabari, katika karne ya kwanza BK. Ni karibu miaka 2,000 baada ya kufa majumbani!

Linganisha na Wakassi. Hawa waliikalia Babeli kwa takriban miaka 400, hadi karibu mwaka 1155 KK. Hakuna ukoo wa wafalme uliotawala Babeli kwa muda mrefu kuliko wao. Lakini walipoingia ofisini walikuta Kiakadi kimekaa kwenye vibao, wakakiacha kikae. Hesabu, barua na hati za ardhi ziliendelea kuandikwa kwa Kiakadi. Leo hatuna hata andiko moja kamili la Kikassi. Kilichosalia ni majina ya watu, ya miungu, na msamiati kidogo wa farasi na magari yao. Basi pima mwenyewe: aliyeshindwa akaacha daftari bado tunamsoma, ilhali aliyetawala karne nne bila daftari la lugha yake tunamkisia kwa majina ya farasi wake.

Kiakadi chenyewe kilivuka mipaka ya kila dola iliyokisema. Mwaka 1887 huko Amarna, nchini Misri, vilifukuliwa vibao vya karne ya 14 KK, zaidi ya 300. Vingi ni barua baina ya Farao na wafalme na vibaraka wa Asia. Farao, kwa utukufu wake wote, hakuwaandikia kwa Kimisri. Aliwaandikia kwa Kiakadi, kwa sababu hiyo ndiyo lugha ambayo makarani wa mataifa walikuwa wamefundishwa kuandikiana.

Kisa kinachonivutia zaidi, hata hivyo, ni cha Kiaramu. Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi. La Waaramu lilikwenda joshi hasa! Hawa walikuwa watu wa makabila na vijimji vya Syria, wasiowahi kuunda dola kubwa. Wafalme wa Ashuru, kuanzia karne ya 9 KK, waliwapiga na kuwahamisha kwa maelfu, wakawatawanya kila pembe ya himaya ili wasiasi tena. Adhabu hiyo ikageuka mbegu. Kila walikopelekwa, Waaramu walikwenda na lugha yao, pamoja na alfabeti ya herufi 22 iliyoandikwa kwa wino juu ya ngozi au mafunjo. Maandishi ya kikabari yalikuwa na alama mamia, na karani alihitaji miaka mingi kuyamudu. Herufi 22 mtu aweza kujifunza kwa muda mfupi tu.

Michongo ya ukutani ya kasri za Ashuru inaonyesha mabadiliko hayo waziwazi. Makarani wawili wamesimama bega kwa bega wakihesabu nyara: mmoja ameshika kibao na kalamu ya kuchomea udongo, mwingine ameshika ngozi na kalamu ya wino. Ipo pia barua ya wakati wa Mfalme Sargon wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 721 hadi 705 KK. Ofisa mmoja wa mji wa Ur aliomba ruhusa ya kumwandikia mfalme kwa Kiaramu. Mfalme akakataa, akataka ujumbe wake uandikwe kwa Kiakadi kama ilivyo desturi. Amri ya mfalme ilikuwa wazi, lakini ofisa asingeomba ruhusa kama mazoea hayo hayakuwa tayari yamebisha hodi. Naye msomaji wa Biblia atakumbuka kwamba Waashuru walipouzingira mji wa Yerusalemu mwaka 701 KK, maofisa wa Mfalme Hezekia walimsihi mjumbe wa Ashuru aseme nao kwa Kiaramu, ili raia waliokuwa ukutani wasielewe. Ndani ya karne chache, lugha ya waliohamishwa ilikuwa imefika kwenye meza za mazungumzo ya wakubwa.

Ninawi, mji mkuu wa Ashuru, ulianguka mwaka 612 KK. Babeli ikatekwa na Koreshi wa Uajemi mwaka 539 KK. Waajemi walikuwa na lugha yao, tena walibuni maandishi ya kuichongea sifa za wafalme miambani. Lakini walipotaka kuendesha himaya iliyoanzia Misri hadi Asia ya Kati, waliandika barua na amri zao kwa Kiaramu. Fahari waliiandika kwa lugha yao. Kazi waliifanya kwa lugha ya makarani. Ndiyo maana sehemu za vitabu vya Danieli na Ezra ziko kwa Kiaramu, na ndiyo maana Yesu wa Nazareti alikisema, ingawa kufikia wakati wake wenye majeshi walikuwa Warumi.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Herufi za Kiarabu zilitokana na tawi moja la herufi za Kiaramu. Washairi wa Pate na Lamu walipotia wino karatasini kuandika tenzi za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, walikuwa wakitumia wajukuu wa zile herufi 22.

Baada ya Waajemi alikuja Aleksanda wa Makedonia. Aliingia Babeli mwaka 331 KK na akafia humo mwaka 323 KK. Warithi wake wakaleta Kiyunani, nacho kikaacha alama. Neno letu ‘daftari’ asili yake ni ‘diphthera’ ya Kiyunani, yaani ngozi iliyotayarishwa. Kisha wakaja Waparthi, na baada yao Waajemi wa ukoo wa Sasani, waliotawala kutoka mwaka 224 hadi 651 BK. Hawa walituachia, kwa mkono wa Waarabu, neno ‘diwani’. Sisi tunalitumia kwa mkusanyiko wa mashairi, na kabla ya mwaka 2013 tulilitumia kwa mwakilishi wa wadi. Maana yake ya awali ni ile ile ya ghala la Uruk: daftari la hesabu, na ofisi inayolitunza.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye kisa ambacho kila mpenzi wa Kiswahili angepaswa kukijua.

Waarabu Waislamu waliwashinda Wasasani katika vita vya Qadisiyya karibu mwaka 636 BK, wakaitwaa Iraki yote. Wakajenga miji mipya ya Basra na Kufa. Mtawala alikuwa Mwarabu, askari Mwarabu, na lugha ya sala Kiarabu. Lakini daftari la kodi? Lilibaki kwa Kiajemi. Kwa takriban miaka 60 baada ya ushindi, watawala wa Iraki walihesabiwa mapato yao kwa lugha ambayo wengi wao hawakuisoma, na makarani wale wale waliomtumikia mfalme wa Sasani waliendelea na kazi kana kwamba hapakutokea kitu.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 7, enzi ya Khalifa Abd al-Malik, wakati gavana wa Iraki alikuwa al-Hajjaj bin Yusuf. Mwanahistoria al-Baladhuri, aliyeandika katika karne ya 9, anasimulia kwamba kazi ya kuhamisha daftari kutoka Kiajemi hadi Kiarabu alikabidhiwa kijana aitwaye Salih bin Abd al-Rahman. Salih hakuwa Mwarabu wa damu. Baba yake alikuwa mateka kutoka Sijistan, upande wa mashariki mwa Uajemi, na yeye mwenyewe alizimudu lugha zote mbili. Karani mmoja wa Kiajemi akamjaribu: utaandikaje sehemu hizi za hesabu, ambazo sisi tuna maneno yake maalumu? Salih akajibu kwamba ataandika ‘ushr’, yaani sehemu ya kumi, na ‘nisf ushr’, nusu ya sehemu ya kumi. Makarani waliposikia jibu hilo walijua mambo yamewaharibikia. Wakamwahidi dirham 100,000 ili amwambie gavana kuwa kazi haiwezekani. Salih akakataa, na daftari likahama.

Kitulize kidogo kisa hiki akilini, msomaji wangu. Hoja ya makarani haikuwa kwamba Kiarabu ni kibaya. Walijua kwamba kina ushairi mtamu, walijua kwamba ni lugha ya Kurani. Hoja yao ilikuwa kwamba hakina istilahi za hesabu. Na chini ya hoja hiyo ya istilahi palikuwa na riziki: anayeshikilia lugha ya daftari ndiye anayeshikilia mlango wa ofisi. Kwa nini watu watoe dirham 100,000 kuzuia jambo ambalo wanasema haliwezekani?

Salih naye hakuunda jopo la kubuni maneno ya kutisha. Alichukua maneno ya kawaida ambayo mwuza tende sokoni angeyaelewa, akayaweka katika daftari. Kazi yenyewe ndiyo iliyoyafanya kuwa istilahi. Baada ya hapo Kiarabu kilipanuka kwa kasi. Baghdad ilijengwa mwaka 762. Karne iliyofuata, Hunayn bin Ishaq, Mkristo aliyelelewa katika mapokeo ya Kisiria, ambacho ni tawi la Kiaramu, alitafsiri vitabu vya tiba vya Galen kutoka Kiyunani hadi Kisiria na Kiarabu. Lugha iliyoambiwa haiwezi kuandika sehemu ya kumi ilikuwa sasa inaandika nyota, dawa na aljebra. Na ni mzaliwa wa Baghdad, al-Masudi, aliyesafiri hadi pwani yetu karibu mwaka 916 na kutuachia mojawapo ya maelezo ya mapema kuhusu watu wake.

Nisije nikaonekana ninapamba. Daftari hilo lilikuwa na uso mwingine. Kati ya mwaka 869 na 883, katika vinamasi vya karibu na Basra, watumwa Waafrika waliochimbua ardhi ya chumvi waliasi dhidi ya dola ya Abbasi. Waliitwa Zanj, jina ambalo Waarabu walilitumia pia kwa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Wanahistoria wanabishana ni wangapi kati yao walitoka huku. Waliiteka Basra mwaka 871 na kusimamisha serikali yao kwa miaka kadhaa. Habari zao zimetufikia hasa kwa kalamu ya al-Tabari, aliyewaandika kama maadui. Asiyekuwepo na lake halipo. Watu waliotikisa dola kwa miaka 14 wamo katika daftari la mwingine, kwa lugha ya mwingine, kwa jina walilopewa na mwingine.

Wamongolia waliibomoa Baghdad mwaka 1258. Waturuki wa Uthmaniya waliitwaa mwaka 1534 na kuitawala, kwa vipindi, hadi Waingereza walipoingia mwaka 1917. Iraki ikapata uhuru mwaka 1932. Kimongolia kilipita. Kituruki kilikaa ofisini kwa karne nyingi, lakini sheria ya dini, elimu na soko vilikuwa vimeshika mizizi katika Kiarabu, nacho hakikung’oka.

Na Kiaramu je? Kingali hai, lakini kimesinyaa. Kilipopoteza ofisi, kikarudi vijijini na makanisani. Wakristo Waashuri na Wakaldayo wa kaskazini mwa Iraki walikitunza kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 2014 wanamgambo walipowafukuza maelfu kutoka Mosul na bonde la Ninawi. Katiba ya Iraki ya mwaka 2005 inataja Kiarabu na Kikurdi kuwa lugha rasmi, na inatambua haki za wasemaji wa Kisiria na Kiturkmeni. Ni jambo jema. Lakini katiba ni ahadi tu hadi karani atakapoitekeleza.

Hapo ndipo Mesopotamia inapotugusa Wakenya. Kiswahili, kama Kiaramu, hakikuenezwa na dola ya Waswahili. Dola hiyo haikuwahi kuwepo. Kilikwenda bara kwa misafara ya biashara na kwa midomo ya wapagazi, walimu na wahubiri. Nguvu zilizokuja baadaye zilikikuta njiani zikakitumia. Kinywani, basi, hatuna shida. Shida yetu ni daftari.

Mwaka 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe Bungeni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ikakitambua kuwa lugha ya taifa na kukifanya kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, nenda katika mahakama yoyote ya mashinani usikilize. Shahidi atajibu kwa Kiswahili, mshtakiwa atajitetea kwa Kiswahili, hakimu atawatuliza watu kwa Kiswahili, kisha hukumu itaandikwa kwa Kiingereza. Mkulima aliyesaini mkataba wa mkopo kwa dole gumba hajui kilichoandikwa juu ya dole lake. Ukiuliza kwa nini, utapata jibu lile lile la makarani wa Kufa: eti istilahi hazipo.

Tulijitawala mwaka 1963. Tumeshapita ile miaka takriban 60 iliyowachukua Waarabu wa Iraki kabla ya kuhamisha daftari. Majirani zetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zao. Watapata taabu, na baadhi ya istilahi zao zitachekwa kabla ya kuzoeleka. Ndivyo istilahi zote zinavyoanza.

Sidai kwamba Kiingereza kifukuzwe. Salih asingeweza kuhamisha daftari kama hangejua Kiajemi vizuri. Tunahitaji wanasheria, wahasibu na madaktari wanaozimudu lugha zote mbili barabara. Wala sisemi kwamba Kiswahili kikishika daftari ndiyo iwe mwisho wa Kipokomo, Kitaita au Kisuba. Kifungu hicho hicho cha 7 kinaitaka serikali iziendeleze lugha za kiasili, na yaliyoupata Kiaramu unyonge ni onyo la kutosha. Lugha inayoachwa kanisani na jikoni pekee hupungukiwa kidogo kidogo, hata kama wasemaji wake wanaipenda kwa dhati. Upendo bila kazi hauilishi lugha.

Kwa wale wanaosisitiza kwamba Kiswahili hakijakomaa kubeba hesabu za serikali, nina jambo moja tu la kuwakumbusha. Lile neno ‘ushr’ ambalo Salih alilitaja mbele ya makarani waliotaka kumhonga, Kiswahili kinalo. Ndilo mzizi wa ‘ushuru’ wetu, unaotozwa kila siku bandarini Mombasa na katika kila soko la kaunti. Na ile ‘nisf’ yake ndiyo ‘nusu’ ambayo mtoto wa chekechea huijua kabla ya kujua kuandika jina lake. Maneno yaliyohamisha daftari la dola tayari tunayo mdomoni. Aliyebaki kupatikana ni karani.